Mchungwa wa Sita

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba akafa kwa kifua, na nyumba ya kambi ya kiwanda cha shaba tukairudisha, kwa sababu ilikuwa ya kazi yake, si yetu. Hapo ndipo taabu ilianza. Mambo haya nayaandika kwa mkono wangu, mimi niliyeishia darasa la nne, na sikuyaota. Yalinikuta mchana, jua kichwani, bila tone la pombe tumboni. Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unyamaze unisikilize.

Nilipata kazi ya bustani kwa injinia mmoja, katikati ya mji wa Lubumbashi, nyumba yenye veranda kubwa. Wakati ule kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia, lakini yeye alikuwa sitwayeni wa koti na mimi sitwayeni wa jembe. Alitupa vyumba viwili vya nyuma, mahali maboyi wa zamani, watumishi wa nyumba, walikuwa wanalala: mama mgonjwa, dada zangu wawili, na mimi. Mbele ya veranda ilisimama michungwa sita. Siku ya kwanza injinia alinionyesha miti ile kwa kidole.

"Kijana, hii michungwa njo ilifanya nichague hii nyumba. Ikikufa, weye na mama yako munatoka."

Niliogopa? Hapana. Mimi ni mtoto wa mama mulimaji. Nikashika jembe nikafanya kama mama alivyonifundisha tangu nikiwa mdogo: nikavuta udongo na mbolea ya ng'ombe, nikapandisha tuta kubwa kuzunguka kila shina, kama tunavyofanyia muhogo. Kisha asubuhi na jioni nikamwaga maji juu ya tuta. Mtu akipita, nilijisifu. Matuta sita, yamepangwa kama makaburi ya wakubwa. Kumbuka hilo neno.

Mwanzo wa mwezi wa kumi, majani yakaanza kuwa manjano, kwanza kwenye ule mshipa wa kati. Mashina yakatoa utomvu wa rangi ya asali, ukitiririka kama machozi. Nikaona siafu wanapanda na kushuka, nikasema, adui ndiye huyu. Injinia akaleta dawa ya wadudu. Nikapiga dawa siku tatu. Siafu wakafa, wengine wakaja, na miti ikazidi kulia. Injinia akasema taratibu kabisa, akikunja gazeti lake: "Mwisho wa mwezi, kijana." Mama alisikia kupitia dirisha. Usiku ule alianza kukunja nguo zetu ndani ya kitambaa.

Kesho yake ving'ora vya saa sita vililia kule kiwandani. Wakubwa walikula, wakalala. Mbwa alilala kwenye kivuli cha gari. Mimi nilibaki peke yangu mbele ya mchungwa wa kwanza, nimekaa juu ya ndoo. Nilipoinua macho, muzee mmoja alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa shina, anafukua tuta langu kwa mikono.

Alivaa salopeti, ovaroli ya kazi, imefungwa vifungo mpaka shingoni. Na salopeti ilikuwa imelowa, chapachapa, kama ametoka kwenye mvua. Niamini, mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne. Mikono yake ilijaa udongo mwekundu, mzito, ule unaoupata tu ukichimba kwenda chini sana. Udongo wa bustani yetu ni mweusi. Mbwa hakubweka. Na siafu, nilivyowaona, walipofika kwenye vidole vyake walivikwepa.

Alisema bila kuniangalia: "Nani alikufundisha kuzika muti yenye iko muzima?"

"Mama, tata."

"Mama yako alikufundisha muhogo. Muhogo inakulia chini. Hii shingo yake inataka hewa. Leta mukono."

Alishika kidole gumba changu, akakisukuma kwenye ganda la shina, pale udongo ulipofunika. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ganda likabanduka, ndani kahawia, laini, na harufu ya uchachu kama muhogo uliolowekwa ukasahauliwa. Akasogeza kidole changu juu zaidi, akakwaruza tena: pale palikuwa na nyama mbichi, ya kijani na nyeupe.

"Umeona? Siafu hakuua kintu. Siafu anakuja kwa kilio kama bantu ya matanga. Ulipiga dawa bantu ya matanga, mugonjwa ukaacha." Akacheka kidogo peke yake.

Kisha akatoa kisu, mpini wake umezungushiwa nyaya za shaba, akanionyesha. Ondoa udongo mpaka mizizi ya kwanza ionekane. Kata uozo wote mpaka ufike kwenye nyama hai, usionee huruma. Osha kisu kwa moto kabla ya kwenda mti mwingine, la sivyo unabeba ugonjwa mwenyewe. Uozo uchome, usiutupe. Halafu paka dawa.

"Dawa gani, tata?"

"Mu depo, nyuma ya mifuko ya makala, kuko mukebe. Unga ya bulu, ya shaba. Changanya na chokaa na maji. Chovya kisu: ikitoka nyekundu, ongeza chokaa, sababu ingali kali. Ikitoka safi, paka. Shaba inakula bantu hapa, lakini muti inaiponyesha." Akachomeka kisu ardhini. "Tano itapona. Ile ya sita iko yangu. Usiiguse."

Nikageuka kutazama depo, lile banda la vifaa, ni pale tu, hatua kumi. Nilipogeuka tena hakukuwa na mtu. Kisu kilikuwepo. Mkebe nao ulikuwepo, nyuma ya makala, umefunikwa na utando wa buibui wa miaka.

Nikakimbilia jikoni kwa Papa Dominiki, mpishi, mtu wa kaskazini, mwenye rozari mfukoni. Alikuwa anachambua mchele. Alipoona kisu akaweka sinia chini polepole.

"Umekitoa wapi hiki?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo njo muzee alipanda ile michungwa. Alianguka akafa chini ya ile ya sita, jembe mukononi. Tulimuzika na mvua kubwa, kaburi ikajaa maji, na kisu nilikitia mimi mwenyewe mu sanduku. Kijana, fanya vile alisema. Na usilete hiki kintu karibu na chakula yangu."

Nilifanya vile alivyosema. Nilikata, nikachoma, nikachanganya. Mara ya kwanza kisu kilitoka chekundu kama alivyosema, nikaongeza chokaa, kikatoka safi. Wiki ya tatu utomvu ukakauka. Mvua za kwanza zilipoanguka, michungwa mitano ikatoa vijani vipya, laini. Mama akafungua kile kitambaa cha nguo.

Injinia akashuka kwenye veranda, akahesabu kwa kidole. "Tano. Mimi nilikupa sita."

"Ya sita haiponi, patron."

"Basi mwisho wa mwezi ni ule ule."

Ungefanya nini? Nilijua ni ya nani. Lakini nilimfikiria mama, na, niseme ukweli, nilijiona nimekuwa fundi sasa. Saa sita, ving'ora vilipolia, nikafukua tuta la sita, nikasukuma kidole gumba ndani ya ganda.

Ndani mlikuwa na joto. Joto la kwapa la mtu. Kidole kikanasa mpaka kwenye kifundo, na nyuma ya sikio langu mtu akapumua, akasema: "Nilisema tano."

Nikakichomoa kidole kwa nguvu. Hakukuwa na upepo. Mchungwa wa sita ukaanguka taratibu, kwa kuipa nyumba mgongo, mizizi yake imeliwa yote kama mfupa wa supu, na katika shimo maji mekundu. Injinia alikuwa amesimama kwenye veranda na kikombe chake. Aliona kwa macho yake. Kikombe kikavunjika. Akasema: "Tano inatosha."

Hakuniuliza tena hesabu. Mama yangu alifia kitandani mwake, katika chumba kile, miaka mingi baadaye, na hakukunja nguo tena.

Ukucha wa kidole kile ulitoka wiki ile, haujaota mpaka leo. Lakini nikikiweka kwenye shina lenye uozo, kinaniuma, hata kama majani bado yanacheka. Wenye diplomu wananiita niwaambie mti wao unaumwa nini. Ninawaambia, na ninasema sawasawa.

Basi nawe sikia. Usipandishe udongo kwenye shina la mchungwa. Tafuta ugonjwa chini kabla ya kumlaumu siafu. Na fundi akikuambia huu uache, uache, hata kama tumbo la mama yako liko mikononi mwako, kwa sababu hujui fundi huyo analala wapi.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma huko Naviundu, vyumba vitano. Nina kitalu cha miche ya michungwa na maparachichi, pompi mbili za mgongoni za kupigia dawa, baiskeli, mke mmoja, watoto saba walionishinda masomo. Nina kisu kimoja ambacho si changu. Na kucha tisa.