Ushauri Mbele ya Kantini

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ameajiriwa kusikiliza. Alipomaliza shahada yake ya ushauri nasaha, bibi alimtazama weee, kisha akamuuliza, "Yaani umesoma miaka yote hiyo ili uletewe umbea?" Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Sauti yake ni ya mtu anayeita watoto walio ng'ambo ya barabara, na kwenye mkoba hakosi karanga. Ukimwona hudhani hata kidogo kwamba huyu ndiye anayetunza siri za watu. Lakini mimi nimemchimba tangu utotoni, kwa hila zote nizijuazo, na sijaambulia hata moja.

Chuo alichoajiriwa ni cha binafsi, na ni kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya maktaba, mtu wa maabara anakuambia pole. Nilipopata nafasi pale, baba alinituliza: usiwe na wasiwasi, shangazi yako atakuwa anakuangalia. Aliniangalia kweli. Aliniangalia kupitia kioo.

Maana Mkuu wa Chuo alikuwa amerudi kutoka semina moja ya uwazi, akaamuru ofisi zote za kuwahudumia wanafunzi ziwekwe milango ya kioo, ili wazazi wakija wajionee huduma. Ya Shangazi iliangukia mkabala na kantini. Juu ya kioo yakabandikwa maandishi mekundu, USHAURI NASAHA, unayasoma ukiwa bado getini. Ndani viti viwili na meza. Mwanafunzi akiingia, foleni nzima ya chai inamgeukia, na macho hayana pazia. Tena foleni yetu haikutazama kimya. Ilitangaza kama mpira.

"Ameachwa huyo."

"Ameachwa wapi? Huyo amefeli takwimu. Wa takwimu hulia wameinama."

"Haya, kapewa kitambaa! Kaachwa! Ninunulie chai yangu."

Shangazi akatundika shuka. Mkuu akaamuru lishushwe, eti linatia shaka. Shangazi akageuza viti vitazame ukuta, foleni ikajifunza kusoma migongo. Mwisho watu wakaacha kwenda. Akawa anakaa mle peke yake na karanga zake, anatupungia mkono, nasi tunampungia. Iliniuma. Mwanamke anayeijua kazi yake, amewekwa kabatini kama vikombe vya wageni.

Siku moja Mlezi wa Wanafunzi, ambaye ndiye bosi wake, akaja na habari: Mkuu amesema ofisi isiyo na watu apewe mtu wa fotokopi. Mlezi ni bwana mwembamba anayeogopa hata kivuli cha Mkuu, na alijua ofisi ikienda na cheo chake kinapungua. Hofu ikamtia maarifa. Akatangaza kwamba hakuna mwanafunzi atakayepewa kadi ya mtihani bila kupata ushauri kwanza.

Foleni ikageuka. Sasa ya chai ikawa fupi, ya ushauri ikazunguka jengo. Taabu ni kwamba Shangazi hamwachi mtu aondoke mikono mitupu. Ukimwambia huna shida, anakuambia kwa ile sauti yake, "Huna kabisa? Basi kaa tuitafute." Kwa hiyo watu wakaanza kutunga. Wengine wakatunga mapenzi, wengine mashetani. Darasa la uhasibu lilikuwa na bibi mmoja aliyefariki, bibi wa kweli wa msichana mmoja, wakawa wanaazimana. Marehemu alizikwa asubuhi na jioni, na kila akizikwa Shangazi alitoa pole kwa moyo ule ule.

"Si unajua wanakudanganya?" nilimuuliza.

"Najua, mwanangu. Lakini mtu akija na bibi wa kuazima, ana lake kalificha nyuma ya huyo bibi. Ningempa muda angelitoa. Sasa atalitoaje, na wenzake wanagonga kioo wanataka kadi?"

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi kuja kukagua chuo. Wakaikuta foleni imetoka kwenye kioo, imepita kantini, imefika getini. Mama mmoja, kamshika binti yake mkono, akauliza hawa wote wana nini.

"Tunasubiri ushauri nasaha, mama," mhuni mmoja wa mwaka wa tatu akamjibu kwa adabu zote. "Chuo hiki bila ushauri humalizi."

Yule mama hakuuliza la pili. Alimgeuza binti yake wakarudi garini, na Mkuu wa Chuo akashuhudia kwa macho yake akiwa amesimama na vipeperushi mkononi. Ofisi iliyotakiwa kufungwa kwa kukosa watu, ikafungwa kwa kujaa watu. Wiki iliyofuata mtu wa fotokopi alikuwa ndani ya kioo anatoa nakala, na Shangazi amepewa cheo kipya: msimamizi wa usafi wa mabweni.

Alilia. Alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akalia kwa sauti aliyojaliwa, na bweni zima likajua. Mimi nilimtukana Mkuu kwa matusi ambayo baba hajui kama nayajua. Shangazi akaniambia ninyamaze, na sikunyamaza.

Kati ya bweni la wasichana na la wavulana pana sehemu ya kufulia: safu ya mabomba, mabeseni, na kamba za kuanikia. Huko ndiko alikopangiwa. Akageuza ndoo, akaikalia, akasimamia usafi huku anatafuna karanga. Siku za mwanzo hapakuwa na cha kusimulia. Kisha msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, akiwa ameinamia blauzi yake, akaanza kusema. Alisema mpaka povu likaisha.

Ukifua, unatazama nguo. Anayekusikiliza naye anatazama nguo. Bomba linapiga kelele kuliko hata Shangazi, na hakuna binadamu wa kukutangaza kwa kuwa umebeba ndoo. Habari zikatembea zenyewe. Wavulana ambao hawakuwa wamefua tangu waandikishwe wakaonekana na mabeseni, wameshika sabuni kama watu walioshikishwa nyoka. Kijana mmoja wa sheria alifua taulo lilelile wiki nzima. Siku aliyolianika aliniambia amebadili mawazo, haachi chuo. Wala sikuwa nimejua kwamba alitaka kuacha.

Lakini usimwage mtama penye kuku wengi. Uongozi ukasikia kwamba pale kwenye mabomba watu wanakaa sana, na likatoka tangazo: pabomolewe Jumatatu, yajengwe maegesho ya magari ya wahadhiri. Na kwa kuwa Shangazi hatabaki na cha kusimamia, mkataba wake ukiisha, umeisha. Alinisomea lile tangazo polepole, akalikunja, akaniuliza kama nimekula.

Watu huuliza kwa nini hapakubomolewa. Wengine wanasema wanafunzi waliandamana, na ni uongo mtupu, sisi tuandamane na jua lile? Mimi nilikuwepo, nakamua suruali yangu ya jinzi, Jumapili mchana.

Mkuu wa Chuo alikuja peke yake, kashika mfuko wa plastiki. Wanafunzi wakala kona, wengine wakaacha nguo zikielea. Mimi nilibaki na suruali yangu mkononi.

"Shikamoo, Mkuu," nikasema. Hakunisikia.

"Karibu," Shangazi akamwambia, bila kunyanyuka kwenye ndoo yake. "Umekuja kupapima?"

Mkuu akaingiza mkono mfukoni, akatoa shati jeupe. Lilikuwa limepigwa pasi na kukunjwa vizuri, jinsi wanavyolikunja kwa dobi.

"Hapana," akasema. "Nimekuja kufua."

Nilimtazama Shangazi nikitegemea kicheko chake. Hakucheka. Alimsogezea beseni, akafungua bomba, akanionyesha kwa kidevu niende nikaanike. Nilikwenda, ila kamba haziko mbali.

Mkuu akakunja mikono, akalizamisha lile shati. Akausugua ukosi ambao haukuwa na uchafu, akausugua tena. Kisha akasema, akiwa ameliinamia beseni, "Mke wangu ameondoka na watoto. Mwezi wa pili huu. Sina mtu wa kumwambia."

Shangazi akampa sabuni.

"Sugua taratibu, baba," akamwambia. "Hapa hakuna foleni."