Bi Taipu na Ukurasa Uliovurugika

Ofisi ya rufaa ya hospitali ile ni chumba cha pili kushoto ukishapita dirisha la dawa. Ndani mna meza tatu, kompyuta tatu, printa moja yenye hasira zake, na benchi refu la wagonjwa lililong'aa kwa kukaliwa. Meza iliyo karibu na mlango ni ya Bi Taipu. Jina lake la kwenye kitambulisho wenzake walishalisahau, naye halalamiki. Husema jina la kupewa kwa kazi ni afadhali kuliko la kupewa kwa umbo, na hapo huwaangalia watu wawili watatu ofisini wakainamisha vichwa.

Nikueleze alivyolipata. Alipoanguka mtihani wa kidato cha nne, jamaa walianza kumzungumzia kama marehemu. Mama yake mdogo peke yake ndiye aliyekataa kuuwekea mtihani matanga. Alimshika mkono asubuhi moja, akamfikisha kwenye chuo cha uhazili, chumba kimoja chenye mashine za taipu kumi na mbili, akamwambia, "Hapa hawaulizi umepata ngapi. Wanauliza una vidole vingapi." Na Bi Taipu, ashukuriwe Mungu, alikuwa navyo vyote kumi.

Mwalimu wa pale alikuwa mama mkali asiyejua kutabasamu kabla ya mchana. Alikuwa na vitambaa vyeusi, na kila mwanafunzi alifunikwa mikono pamoja na mashine, asione herufi hata moja. "Macho kwenye karatasi, vidole kwenye mashine," alisema siku nzima. "Ukiitazama mashine utaiogopa, na ukiiogopa itakushinda." Wengine walilia, wengine walitoroka. Bi Taipu alibaki, na miezi sita baadaye aliweza kupiga barua nzima huku akibishana na jirani yake.

Ndivyo alivyoingia hospitali. Taipu zilipoondoka na kompyuta zikaja, hakutetereka, ila kitu kimoja tu kilimshinda: kipanya. Kila akikishika, kishale kinakimbilia pembeni mwa kioo na kujificha. Akakisukuma kipanya nyuma ya kompyuta, na huko kipo mpaka leo. Akajifunza kuruka kutoka kisanduku kimoja cha fomu hadi kingine kwa kitufe cha tab, kile cha upande wa kushoto, na kuthibitisha kwa enta. Tena kila fomu mpya ya mtandaoni aliichapa kwanza kwenye karatasi, akaiweka kwenye kishikizo cha karatasi pembeni, ndipo aijaze akiitazama karatasi na wala si kioo. Vijana wa ofisi walimcheka. Walimwambia anaua miti.

"Miti itaniombea," aliwajibu, akaendelea.

Sasa ikaja ile Alhamisi. Madaktari wa macho, timu inayozunguka na kufika hospitali ile mara moja kwa mwaka, walikuwa wametangaza kwamba majina ya wagonjwa wa kufanyiwa upasuaji yaandikishwe kwenye ukurasa wao wa mtandaoni kabla ya saa nane mchana. Saa nane ikigonga, ukurasa unajifunga wenyewe. Hospitali ilipewa nafasi ishirini na moja, na majibu ya vipimo yalitoka asubuhi hiyohiyo. Atakayekosa, asubiri mwaka mwingine.

Kwenye benchi walikaa wenye majibu yao mkononi. Wa mwisho kabisa kwenye orodha alikuwa mama mmoja fundi cherehani, aliyeletwa na shemeji yake kwa kushikwa kiwiko. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mwaka wa kwanza aliacha kutunga sindano. Mwaka wa pili aliacha kukata kitambaa. Mwaka huu alikuwa ameanza kuwatambua wanawe kwa mlio wa viatu. Na daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba jicho la kushoto halitangoja mwaka mmoja zaidi.

Saa nne msimamizi wa ofisi akafungua ukurasa. Akaufunga, akaufungua tena.

"Jamani, njooni muone maajabu."

Usiku ule kompyuta zote tatu zilikuwa zimejisasisha kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Hakuna aliyeombwa ruhusa. Mambo ya kompyuta ndivyo yalivyo: unalala na mlango wako, unaamka na mlango mwingine, halafu unaambiwa huu ndio mzuri zaidi. Basi ukurasa wa madaktari ulikuwa umevurugika vibaya. Maandishi yamepandana mstari juu ya mstari, visanduku vya kujazia vimesukumana kama watu kwenye foleni ya bomba, na ile picha ya jicho, ambayo zamani ilikaa juu pembeni kwa adabu, ilikuwa imevimba ikafunika fomu nzima. Jicho kubwa linawatazama. Kitufe cha kutuma hakionekani kabisa.

Akaitwa fundi wa kompyuta. Huyu wenyewe walimwita Zima Washa, kwa sababu dawa yake ilikuwa hiyohiyo kwa kila ugonjwa. Alizima, akawasha. Jicho likarudi, na safari hii likaonekana kubwa zaidi. Alijaribu kurudisha kivinjari cha zamani, mashine ikamwomba nywila ya makao makuu. Alipiga makao makuu, simu ikaita mpaka ikachoka. Msimamizi naye akapiga kwa timu ya macho, akaambiwa na sauti ya kanda kwamba simu yake ni muhimu sana kwao. Kwenye simu za mkononi ukurasa ule haukuwahi kufunguka tangu uumbwe.

Saa tano ikapita. Msimamizi akatoka hadi kwenye benchi, akajikuna kichwa, akaanza, "Ndugu zangu, kuna tatizo kidogo la mtandao..." Na watu wa benchi wakaelewa, kwa sababu hakuna anayesema "tatizo kidogo" likiwa dogo.

Mama fundi cherehani alimgeukia shemeji yake tu, akauliza, "Yaani ndiyo basi?"

Bi Taipu alimsikia. Akasimama.

"Hebu nijaribu mimi."

"Bi Taipu," msimamizi akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata tamaa, "hakuna cha kubonyeza pale. Vitufe vimefichwa."

"Vimefichwa, havijafa. Mimi lini umeniona nabonyeza kitu kwa macho?"

Akakaa. Wote wakamzunguka, mpaka wauguzi wawili waliokuwa wanapita. Na hapo, nisikufiche, mwanamke huyu akafanya kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu chuoni. Kwa sababu watu walikuwa wanatazama kioo, naye akatazama kioo. Akaruka kwa tab, akaandika, akaruka, akaandika, huku akijaribu kuona maneno yanatua wapi katikati ya ule mvurugo. Akapiga enta. Likatoka onyo jekundu. Kwa kuchungulia chungulia wakatambua kwamba jina la mgonjwa wa kwanza limeingia kwenye nafasi ya jina la hospitali, na hospitali imekuwa mtu wa miaka sitini na mbili mwenye shinikizo la damu.

Mtu mmoja akacheka. Bi Taipu akahisi masikio yanapata moto. Kweli aliogopa, tena si kwa ajili ya aibu. Alikuwa anafikiria benchi.

Akainua mikono kutoka kwenye kibodi. "Zima Washa, mwanangu, kaa mbele ya hicho kioo unikinge. Sitaki kukiona. Na wengine wote mnipe nafasi, hapa si mazishini."

Kisha akauchapa ukurasa. Printa ikanguruma, ikakohoa, ikatoa karatasi, na kwenye karatasi, lo! Fomu ilikuwa imenyooka. Picha imebaki nje, na visanduku vimeshuka kimoja baada ya kingine, kumi na vinne, na kitufe cha kutuma chini kabisa. Mvurugo wote ulikuwa wa sura tu. Mpangilio wenyewe ulikuwa mzima. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, akaona alipokosea: juu ya jina la mgonjwa kulikuwa na kisanduku cha hospitali ambacho mwaka jana hakikuwepo. Akaiweka karatasi kwenye kishikizo. Akavuta pumzi.

"Soma kadi ya mgonjwa wa kwanza."

Zima Washa akasoma, tena kwa sauti nzuri ya kutulia ambayo hakuna aliyejua anayo. Bi Taipu akaandika macho yakiwa kwenye karatasi. Kisanduku, tab, kisanduku, tab. Cha kumi na nne, tab, enta.

Zima Washa akachungulia kioo. "Imeandika kitu. Sioni vizuri."

"Kichape."

Printa ikatoa karatasi ya pili: *Imepokelewa*, na namba chini yake. Msimamizi akaishika kwa mikono miwili. Ofisi nzima ikapiga kelele, na muuguzi mmoja akambusu Bi Taipu utosini bila kuomba ruhusa.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Walibaki wagonjwa ishirini. Msimamizi alipanga kadi, muuguzi akaenda kuuliza benchi yale yaliyokosekana, Zima Washa akasoma hadi sauti ikakauka, na hakuna aliyekwenda kula. Bi Taipu hakuinuka hata mara moja. Mtu alimwekea maji, hakuyagusa. Alipokosea alifuta, akaanza upya mgonjwa huyo, akaenda. Saa saba walikuwa wamefika wa kumi na mbili. Saa saba na nusu, wa kumi na saba. Mgongo ulimuuma kana kwamba ameazimwa wa mtu mwingine.

Saa nane kasoro dakika sita wakaifikia kadi ya mwisho.

"Tarehe ya kuzaliwa haipo," Zima Washa akasema. "Kuna mwaka tu."

Fomu haikubali mwaka mtupu. Bi Taipu akapaza sauti bila kugeuka. "Mama! Umezaliwa tarehe ngapi?"

Kutoka kwenye benchi mama fundi cherehani akajibu, "Aliyekuwa anajua ni mama yangu, mwanangu, na yeye alikwenda nayo."

"Basi umezaliwa tarehe moja Januari, pamoja na nusu ya nchi."

"Nashukuru. Ni tarehe nzuri."

Tab. Tab. Jicho gani? Yote mawili. Tab. Mtu wa karibu? Shemeji, na namba yake, naye akaikosea, akaisema upya. Tab. Enta.

Printa ilikwama.

Zima Washa akaifungua ubavuni, akavuta karatasi iliyojikunja, akaifunga kwa kofi moja. Akataka kuizima aiwashe, Bi Taipu akamwambia asithubutu. Ikakohoa. Ikatoa. *Imepokelewa*. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika moja, na hiyo saa hukimbia mbele kidogo, kwa hiyo walikuwa na muda hata wa kuogopa.

Bi Taipu aliegemea kiti. Alimkumbuka mama yake mdogo, aliyekwisha kufariki, na yule mwalimu na vitambaa vyake vyeusi, ambaye yeye Bi Taipu hakuwahi kurudi chuoni kumwambia asante hata siku moja. Akawashukuru pale pale, kwa sauti, wote wawili. Zima Washa akadhani anazungumza naye, akajibu, "Karibu, mama," na Bi Taipu akaona hata yeye anastahili, akamwacha hivyo hivyo.

Wiki mbili baadaye wenye ukurasa waliurekebisha, jicho likarudi pembeni na adabu yake. Wiki ya nne, asubuhi, mlango wa ofisi ukafunguliwa na mwanamke aliyekuja peke yake. Akasimama, akapitisha macho kwa kila uso kwa zamu bila haraka, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Namtafuta aliyekuwa anaandika."

"Ni mimi, mama," Bi Taipu akasema.

Yule mwanamke akaigeukia sauti. Akamsogelea, akamwangalia kuanzia kilemba hadi viatu, akacheka.

"Ndiyo wewe? Kwa sauti ile nilidhani ni mtu mnene!"

Ofisi ikacheka, na Bi Taipu zaidi ya wote. Lakini mama fundi cherehani akanyamaza mapema, akaketi kwenye kiti cha mbele ya meza.

"Siku ile sikuwa naona kitu," akasema. "Nilikuwa nasikia vidole vyako tu. Saa mbili nzima. Ukinyamaza, moyo wangu unasimama. Ukianza tena, napumua. Nikawa naomba, Mungu wangu, huyu mtu asinyamaze."

Miaka thelathini na sita, katika kila chumba alichokaa, watu walikuwa wamemwomba Bi Taipu apunguze kelele za kupiga vitufe. Alitaka kumwambia hivyo, iwe kichekesho, lakini akaacha. Akaishika mikono ya yule mama juu ya meza, akasema, "Asante," kabla mgeni hajawahi kuisema yeye, akalia mbele ya ofisi nzima, wala hakuona haya.