Mwanga Chini ya Ndonya

Nilipofungua chumba changu cha picha Newala, miaka ile ya mwisho ya Waingereza, nilikuwa na kamera moja kuukuu, stendi yake ya miguu mitatu, na dirisha. Umeme haukuwapo. Zile balbu za kumulika, zinazowaka mara moja kisha zinatupwa, niliziona Lindi kwa fundi wa Kihindi aliyenifundisha kazi, na hata yeye alizitoa kwa harusi za matajiri tu. Mimi ilinibidi nilitegemee jua.

Jua lenyewe lilinitesa. Likiingia dirishani moja kwa moja, upande mmoja wa uso unang'aa, wa pili unakuwa kiza kitupu. Niliwahi kupiga picha harusi ya Masasi, ya watoto wa walimu wa kanisa, ikatoka gauni jeupe kama chokaa na juu yake nyuso mbili zisizo na macho. Bibi harusi aliitazama, akairudisha kwenye bahasha. Tangu hapo kila mteja alipoketi kitini, nilitazama kwanza upande wake wa kiza.

Siku moja mke wangu alikuwa akipinda shuka jeupe karibu na dirisha. Nikaona mwanga umeangukia shuka mapajani mwake ukampandia usoni, hata chini ya kidevu pakawa peupe. Nilimwomba asiondoke. Tukatundika kitambaa chepesi cha bafta dirishani ili jua lipoe, na upande wa kiza tukaweka shuka juu ya kamba. Picha ilipotoka, macho yake yalionekana yote mawili. Nilifurahi, lakini sikuamini. Niliogopa kwamba ilikuwa bahati tu.

Ndipo akaja mama mmoja wa kijiji cha Mkunya, mke wa katekista. Kaka yake alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga na hakuwa amerudi tangu ujana. Sasa alikuwa ametuma salamu kwamba anaitaka picha ya mama yao. Mama yao huyo alikuwa mzee, ameanza kuishiwa nguvu.

"Jirani yangu ulimpiga picha, uso haukuonekana," aliniambia taratibu. "Ya mama ikitoka vile, sijui kama nitaweza kumleta tena."

Nikamwambia amlete asubuhi.

Asubuhi hiyo ukungu ulifunika Newala yote. Chumbani mlikuwa kama jioni. Bibi alifika amekaa nyuma ya baiskeli, mkwewe katekista akiisukuma, binti yake akifuata. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na nilipomtazama niliona kazi itakuwa ngumu. Kichwa kilimtetemeka. Kwa mwanga hafifu kamera hukaa wazi kwa muda, na anayetikisika hutoka kama moshi. Tena alikuwa na ndonya kubwa, kile kipande cha mti cha urembo wa Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, na kivuli chake kilifunika kinywa chote na kidevu.

Binti yake alimwinamia, akamwomba kwa Kimakonde aitoe. Bibi alikataa, kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha taabu:

"Mwanangu aliniacha nayo. Nikiitoa, atanijuaje?"

Nilitoka nje kutazama kama ukungu unapungua. Hapo barazani nikagundua kwamba huko nje kulikuwa na mwanga zaidi kuliko chumbani, nao ulikuwa laini pande zote, kana kwamba mbingu nzima imetundikiwa bafta. Tulihamisha kiti, tukakiegemeza ukutani ili Bibi apumzishe kichwa. Mke wangu alishika shuka ubavuni mwa Bibi, na jingine tukamtandikia mapajani, tukalivuta hadi kifuani. Nikachungulia. Kivuli cha ndonya kilikuwa kimepungua, na chale za mashavuni zilionekana.

Kichwa bado kilitetemeka. Nilipiga mara ya kwanza nikijua imeharibika. Binti yake akaanza kumsimulia kwa sauti ya chini habari za kaka yake alipokuwa mtoto, jinsi alivyokuwa akipanda mikorosho na kushindwa kushuka. Bibi akatulia kumsikiliza. Nikafungua kamera, nikazuia pumzi, nikafunga.

Maji ya kusafishia filamu yalipandishwa kutoka bondeni, na siku hiyo yalikuwa na tope. Niliyachuja kwa kitambaa, nikayachuja tena, nikiwaza kwamba punje moja ya mchanga inaweza kukwaruza filamu hapo penye jicho lake. Filamu ilipokauka niliipeleka mlangoni. Ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Ya pili ilikuwa na uso wake, mikunjo, chale, na chini ya ndonya kinywa kilichokuwa karibu kucheka.

Picha ilipelekwa Tanga. Kwa muda mrefu hatukusikia neno, nami nikaanza kudhani imepotea njiani au haikumpendeza.

Korosho zilipokuwa zikianuliwa, mwanamume mmoja mwenye mvi alisimama mlangoni pangu. Alijitambulisha kuwa mtoto wa bibi wa Mkunya. Alisema aliposhika ile picha aliijua ndonya kwanza, kisha akaona mikunjo ambayo hakuiacha, akaenda kuomba ruhusa siku hiyo hiyo. Nilimuuliza, kwa woga, kama alimkuta mama yake hai.

"Nimemkuta," akasema. "Amekaa nje ya nyumba yake, ananisubiri tule."