Niliiona Taa Yake Ikizimika, Nikakanyaga Mafuta

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema.

Kuna mtu mguu wake wa kulia haukunjiki kwa sababu yangu. Sikumgonga. Gari langu halikumgusa hata kidogo. Wengine wakisikia hivyo wanasema, basi wewe huna kosa! Nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu useme.

Mimi ni mtu wa Musoma, nakaa Iringo. Kazi yangu ilikuwa kubeba vifaa vya kambi. Watu wa mjini wanataka kulala porini kule karibu na mbuga, wasikie fisi, wapige picha, warudi kazini. Wao wanatangulia na gari lao zuri. Mimi nafuata na pikapu yenye mahema, magodoro, majiko, maji, viti, kila kitu. Mpishi wangu alikuwa dada mmoja wa Bukima. Nitamwita Nyangeta, si jina lake.

Ile pikapu ilikuwa na ugonjwa, na mimi niliujua kuliko mtu mwingine yeyote. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka. Chuma kimoja kilikuwa kimepasuka kabisa. Nikipakia mzigo, nyuma inalala, pua inainuka, na kwenye shimo inagonga chini: ko! ko! Fundi alinisihi tubadilishe. Mimi nilikuwaga najibu, safari hii tu, nikirudi tunafunga mpya. Halafu naenda kuongeza upepo kwenye matairi, nalitazama gari kwa mbali, najiambia limenyanyuka.

Halikuwa limenyanyuka. Nilikuwa najidanganya nikiona kwa macho yangu!

Siku ile wageni walikuwa kundi kubwa kutoka Mwanza. Wakataka jenereta. Wakataka deli kubwa la kuwekea barafu. Wakataka spika za muziki, eti wacheze porini. Mtu mwenye akili angekodi gari la pili, au angeenda mara mbili. Mimi nilikataa. Nilitaka majirani waone pikapu moja inavyobeba kambi nzima. Sifa tu, ndugu yangu. Sifa!

Tena nilipakia vibaya makusudi. Magodoro na mahema niliyasukuma mbele, yakaegemea kebini. Madumu ya maji, jenereta na deli nikaviweka mwisho kabisa, mlangoni, ili tukifika nivishushe haraka, wageni wapate taa na chai. Vitu vizito vyote vikawa vinaning'inia nyuma ya matairi. Nimeendesha magari tangu ujana, nilijua mzigo haupangwi hivyo. Nikafunga kamba, nikakaza.

Nyangeta alisimama pembeni na sufuria zake, akalitazama gari.

"Kaka, hili gari limechuchumaa kama kuku anayetaga."

Nikacheka. "Likichuchumaa ndiyo linashika barabara, dada. Panda twende."

"Mi sipendi."

"Nani kakwambia upende? Panda."

Akapanda. Bunda tukachelewa kutafuta mkaa na nyama, jua likaanza kutuacha. Tukashika barabara ya kwenda Mugeta. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi, mwepesi wa kutisha, kama matairi ya mbele yanaigusa barabara kwa hisani tu. Nikawa nakunja kona kwa kubahatisha.

Giza la kwanza likaingia. Nikawasha taa.

Hapo ndipo nilipoona, na hapa ndipo ninapoomba unielewe vizuri. Niliwasha taa za chini. Lakini pua ilikuwa imeinuka, kwa hiyo taa za chini zilikuwa zinamulika juu. Niliona matawi ya miti. Niliona ndege aliyelala akishtuka. Barabara iliyokuwa mbele ya tairi langu sikuiona sawasawa. Na kila gari lililokuja mbele yetu likatuwashia taa kwa hasira, wah! wah!

"Kaka, mbona wote wanatuwashia?"

"Wanatusalimia."

Nyangeta akageuza uso dirishani. Alijua nadanganya, na mimi nilijua anajua.

Ningesimama. Ningeshusha yale madumu ya maji tu, nikayamwaga, pua ingerudi chini. Maji yenyewe yalikuwa ya kuoga! Nilifikiria hilo kabisa, nikaona nitachelewa.

Mbele ikatokea taa moja ndogo. Pikipiki. Ilikuwa inakuja taratibu, upande wake, mtu mwenye adabu barabarani. Akaniwashia mara ya kwanza. Akaniwashia tena. Nikamwona ameinua mkono mmoja kukinga macho. Mkono ule! Nauona hata sasa ninavyoandika. Tukapishana.

Nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Ile taa yake nyekundu ya nyuma ikaenda kushoto, ikayumba, ikazama. Ikazimika.

Mguu wangu ukaacha mafuta wenyewe. Gari likapunguza mwendo. Springi zikalia.

"Kaka," Nyangeta akasema, "yule wa pikipiki kaenda wapi?"

"Kaingia kwao."

"Huku hakuna njia."

"Ipo."

Nikakanyaga mafuta.

Hilo ndilo kosa langu. Mzigo ulikuwa upumbavu, springi zilikuwa uzembe. Lakini kile kitendo cha mguu wangu kurudi kwenye mafuta, hicho sina jina lake.

Tulifika. Wageni walipiga makofi. Nikawasha jenereta, muziki ukaanza, watu wakacheza. Mimi nikawa nabeba viti huku nikitazama upande wa barabara, kana kwamba kuna mtu atatokea kule anachechemea. Hakuna aliyetokea.

Asubuhi akaja mzee mmoja wa jirani anayeuza maziwa. Nyangeta alikuwa anampimia sukari kwenye chai. Yule mzee akasema, mmesikia? Manyama kaokotwa mtaroni alfajiri. Manyama yule anayezunguka kuchanja ng'ombe. Watu waliokuwa wanapeleka mifugo ndio waliomkuta. Mguu umevunjika vibaya, kalala pale usiku kucha na umande wote. Wamempeleka hospitali Bunda.

Nyangeta aliendelea kukoroga chai. Hakunitazama mpaka yule mzee alipoondoka. Ndipo akasema, taratibu tu:

"Ipo njia, eh?"

Tuliporudi Musoma alishusha sufuria zake, akaniaga kama mtu anayeaga msibani. Hajapika tena na mimi. Tukikutana sokoni ananisalimia, "Shikamoo kaka," na mimi si mkubwa kwake. Ananiamkia ili asiwe na la kuongea zaidi.

Nilienda hospitali kumwona Manyama. Nilisema mimi ni mtu wa Musoma tu, nimesikia habari nikaguswa. Uongo mwingine! Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, mguu umefungwa mpaka nyongani. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Umetoka Musoma kuja kuniona mimi usiyenijua? Mungu akuzidishie."

Alipotoka hospitali akahamia kwa dada yake, Butiama, apate mtu wa kumhudumia. Nikawa naenda huko. Napeleka samaki sato, napeleka sukari, sabuni. Pikapu sikuwahi kwenda nayo; niliiacha nyumbani, nikapanda magari ya watu. Niliogopa ataisikia.

Maana kila nilipokwenda, alisimulia. Hakuchoka kusimulia.

"Lile gari lilikuwa linaangalia mbinguni, ndugu yangu. Nilidhani ni lori linashuka mlima, na pale hakuna mlima. Nikawa sioni barabara, sioni mkono wangu. Nikajikuta mtaroni, pikipiki juu yangu. Na unajua kilichoniuma? Nikalisikia linapunguza mwendo. Nikasema, asante Mungu, wameniona. Nikaita. Halafu likaongeza. Nyuma linagonga, ko, ko, ko, mpaka likaisha masikioni."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dada yake, nakunywa uji wa dada yake. Nikasema, "Watu wengine hawana utu."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu!

Mguu ulipona kwa kukaza. Haukunjiki. Kuchanja ng'ombe kunataka mtu wa kuruka, wa kukwepa teke, wa kumshika ndama shingo. Akaacha. Pikipiki hawezi kupanda. Akawa anakaa uani kwa dada yake anatengeneza vipini vya majembe, na bado anacheka, na bado akiniona anaita, "Kaka yangu wa Musoma kaja!"

Nyumbani nilikuwa nimeharibika. Mke wangu akizima taa ya chumbani naruka kitandani. Jioni nikiwa kibarazani, pikipiki ikipita, naifuata ile taa nyekundu kwa macho mpaka ikate kona, na ikipotea ghafla nasimama nakimbilia barabarani kuangalia. Watoto walidhani nimerogwa. Mke wangu alitaka tukaombewe. Ningeombewa nini, na sikutubu?

Siku moja nimekwenda Butiama mchana, nikamkuta Manyama amevaa shati safi. Binti yake alikuwa amepata mchumba. Upande wa mume wanakuja kujitambulisha.

"Mimi sina kaka," akaniambia. "Wamekufa. Siku hiyo nataka wewe ukae kulia kwangu. Uwe baba mkubwa wa huyu mtoto. Uwajibu wageni kwa niaba yangu."

Dada yake alikuwa anaanika mihogo, akapiga kigelegele.

Nilitafuta udhuru, safari, ugonjwa, chochote. Nikaona nikikubali hili, nitakuwa nimemwibia mpaka damu yake. Nikasema:

"Manyama, lile gari ni langu."

"Gari gani?"

"Lililokuwa linaangalia mbinguni."

Alidhani natania. Alianza kucheka, akaona uso wangu, kicheko kikamkatikia. Dada yake akaacha mihogo.

Manyama akautazama mguu wake. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Uliiona taa yangu ikizimika?"

"Niliiona."

"Ulipopunguza mwendo, ulitaka kusimama?"

"Nilitaka."

"Nini kilikuzuia?"

Ee Mungu wangu. Nilitafuta sababu kubwa. Natamani ningekuwa nayo. Natamani ningesema niliogopa majambazi, au breki zilikataa, au nilikuwa na mgonjwa garini. Sikuwa na kitu.

"Wageni walikuwa wanasubiri chakula."

"Chakula," akasema.

"Chakula."

Dada yake akaanza kulia, akaniita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na yote ni halali yangu. Manyama akamnyamazisha kwa mkono.

"Nilikuwa nimeshamsamehe," akaniambia. "Yule dereva. Nilijifundisha kumsamehe mtu nisiyemjua, nikafaulu kabisa. Sasa wewe nakujua. Umekula kwangu. Nitaanzia wapi?"

Akanionyesha barabara kwa kidole.

"Nenda nyumbani. Na samaki usilete tena."

Nilitoka pale kwa miguu, sikumbuki nilivyofika barabarani. Siku iliyofuata nilikwenda polisi mwenyewe, nikaeleza kila kitu, na Nyangeta akaitwa, akasema kweli yote bila kunionea wala kunificha. Sheria ina mwendo wake, imenifanya ilichonifanya, sitalia kwa hilo. Mke wangu aliposikia aliuliza swali moja tu: "Ule uji wa dada yake ulikuwa unashukaje kooni?" Hajaniuliza tena. Tunaishi, ila anazungumza na mimi kama anavyozungumza na mpangaji.

Binti wa Manyama aliolewa. Nilisikia kwa watu wengine. Aliyekaa kulia kwa baba yake simjui.

Sasa nakuambia wewe mwenye pikapu, wewe unayepakia familia na mahema ukapumzike porini, na wewe unayepakia kwa biashara kama nilivyokuwa mimi. Kabla hujaondoka, rudi nyuma hatua chache, litazame gari lako kwa ubavu. Kama nyuma limelala na pua inatazama juu, usiongeze upepo ukajidanganya. Shusha mzigo. Kizito kisogeze mbele, karibu na kebini. Springi iliyochoka ibadilishe leo, usiseme nikirudi. Wenzako barabarani wakikuwashia taa mmoja baada ya mwingine, hawakusalimii. Simama!

Na kama ulishakosea yote hayo, ukaona kwenye kioo taa ya mtu imezama nyuma yako, bado una nafasi. Mimi nilikuwa nayo, ilikuwa chini ya mguu wangu. Acha wageni walale njaa. Acha gari lisiwake tena. Acha wakupige, wakufunge, wakutukane.

Geuza gari, urudi ukamtoe mtaroni, angali anaita.