Eti Kikole jua hafifu: umeme wa bi mkubwa ulivyopangiwa kiwango cha chini kuliko wa Morogoro

Wakuu, heshima zenu. Leo nina hasira na sitaificha. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia.

Mimi naishi Masoko, huku Lindi, nauza vifaa vya ujenzi. Bi mkubwa, mama yangu, yupo kijijini Kikole, mkulima wa korosho, na ana kisukari. Anachoma insulini kila siku, na insulini inataka ubaridi.

Ikaja kampuni ya umeme wa jua, jina kapuni. Utaratibu wao ni huu: unafunga paneli zako, mchana umeme unaokuzidi unaingia kwenye nyaya zao za kijiji, giza likiingia wanakurudishia yuniti.

Nikauza pikipiki. Nikamnunulia mama friji na paneli, zikafungwa uani juu ya vyuma, kimo cha kifua.

Kilichonivuruga ni simu ya dada yangu Zuhura, kaolewa Morogoro. Kampuni ile ile, paneli zile zile. Yeye akiwapa yuniti kumi anarudishiwa nane. Mama akiwapa kumi anarudishiwa nne! Friji inazima kabla ya alfajiri, dawa inapata joto.

Nikaenda ofisini kwao Kivinje. Dada wa mapokezi akaangalia kompyuta, mimi hata hakuniangalia.

"Kaka, kila mkoa na kiwango chake. Huku kwenu jua hafifu, umeme wenu hautabiriki."

Hafifu! Lindi! Jua hili hili linalotukaushia makopa ya muhogo!

Sikuondoka. Nikauliza nani kapima. Akasema walichagua nyumba moja ya mfano, wakasoma mita yake miezi mitatu, wakapangia mkoa mzima. Nyumba ya nani? Akasoma: "Bi Somoe, Kikole."

Mama yangu mzazi.

Siku hiyo hiyo nikapanda gari la Kikole. Saa saba mchana naingia uani, nakuta paneli zote zimefunikwa kanga, pembe zimefungwa kamba vizuri kabisa.

"Shikamoo mama. Hii nini?"

"Marahaba. Si jua kali, mwanangu? Zitaungua. Asubuhi nafunua, jua likipanda nafunika. Wewe si uliniambia nizitunze, umeuza pikipiki?"

Nikakaa chini. Ni kweli nilimwambia.

Wakuu, mama zetu mnawajua. Redio ina kitambaa, TV ina kitambaa, chombo cha thamani hakiachwi wazi. Mimi mjinga sikumweleza kwamba paneli chakula chake ni jua. Mafundi wakamwachia karatasi ya Kiingereza, wakaondoka. Na msoma mita, miezi mitatu mizima, alikuwa anasoma namba ukutani kwa nje na kugeuza. Uani hakuingia hata mara moja!

Mama aliposikia majirani wanapunjwa kwa ajili ya nyumba yake, alilia. Nikamwambia tunyamaze. Akakataa.

Kwenye mkutano wa kijiji alikuja bwana mmoja wa kampuni kueleza viwango. Bi mkubwa akasimama mbele ya watu.

"Jamani, nisameheni. Mie ndiye niliyewaponza. Mchana nilikuwa nafunika."

Halafu jirani yake Bi Hadija akainuka. "Hata mie nafunika. Kwa mkeka."

Mwingine, shuka. Mikono ikaanza kupanda, nikahesabu mpaka nikaacha.

Bwana yule akafunga daftari, akasema kiwango kitaangaliwa upya kwa kufuata utaratibu. Utaratibu gani? Kijiji kizima kinafunika paneli na nyie hamjui, ila jua letu mmeshalihukumu!

Mpaka leo kiwango ni kile kile. Paneli ziko wazi kutwa, friji ikawa inakaa muda mrefu kidogo, lakini alfajiri haikufika. Dawa ya kupoa na kupata joto haifai, kwa hiyo insulini ipo kwenye mtungi wa udongo, kama alivyoelekeza nesi.

Nilichojifunza: ukimpa mzazi kitu kipya usimwambie akitunze tu, mwambie kinavyofanya kazi. Na anayepima watu awatembelee.

Wenye umeme wa namna hii mikoa mingine, kwenu mnarudishiwa ngapi? Nyumba iliyopimwa ni ya nani, mmemuuliza? Mwageni hapa, nasoma kila komenti.

Friji ya bi mkubwa tumeizima. Ile kanga sasa kaifunikia friji.