Joto Upande wa Mama

Mimi nina hasira za karibu. Nianze na hilo, maana kuna watu waliowahi kukaa darasani kwangu, na wakiniona hapa najifanya mpole watacheka. Nafundisha fizikia sekondari, Mbinga mjini, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna kitu kinachoharibika bila sababu, na kwamba sababu yoyote utaipata ukitulia na kuuliza maswali kwa mpangilio. Pasi ya jirani, redio ya paroko, gari langu mwenyewe. Nilikuwa najivunia sana hilo.

Mama yangu ana sukari. Anaishi Matiri kwenye kahawa yake, na habari ya kuhamia kwangu hataki hata kuisikia. Mwaka ule wa nyuma alikuwa amekatwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kwa kidonda kilichoanza na mwiba tu. Daktari alituita watoto wote akatuambia taratibu: kikitokea kidonda kingine kwenye mguu huu, mguu unaondoka. Tangu siku hiyo sisi hatukuwa na hofu nyingine. Nilimnunulia raba laini, nikamnunulia soksi nyepesi zisizobana, na kila nikifika Matiri, baada ya shikamoo, nilikuwa namkalisha na kumkagua nyayo kama madaftari. Nikigundua ametembea peku hata hatua tatu za kwenda jikoni, alinikoma.

Mume wa mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alifariki kule Mbamba Bay, ziwani, wakati mama bado yuko wodini na kile kidole. Kwa hiyo hakumzika shemeji yake, na jambo hilo lilimkaa rohoni. "Nipeleke nikampe mdogo wangu pole kabla na mimi sijafa," aliniambia, na aliendelea kuniambia hivyo mpaka Jumamosi moja ya Novemba nikasema haya, twende.

Mtu wa milimani haendi ziwani mikono mitupu. Mama alikuwa na mfuko wa maharage, umejaa mpaka mdomoni. Niliulaza kwenye sakafu ya gari langu, upande wake wa mbele. Kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kuvimba, nikamvua raba, nikamwachia soksi, nikaipandisha miguu yote miwili juu ya maharage ili ikae juu juu kama daktari alivyoagiza. Nikamfunga mkanda. Nilimtazama jinsi nilivyompanga, nikaridhika kabisa.

Mbinga asubuhi ni baridi, kwa hiyo mwanzoni joto lililokuwa ndani ya gari hatukuliona kuwa tatizo. Mama alisema gari langu ni zuri, lina joto kama jikoni kwake. Tulipoanza kuteremka, milima ikafunguka na hewa ya nje yenyewe ikawa ya moto, ndipo nikaona jasho linanitiririka mgongoni. Nilizungusha swichi ya hita mpaka mwisho wa bluu. Hakikubadilika kitu. Nikaanza kukasirika, na mimi nikikasirikia chombo huwa nakifanyia mtihani.

Nikaanza na jua. Lakini asubuhi ukielekea ziwani jua liko mgongoni kwako, na tulipopita kwenye kivuli cha miti joto lilibaki vile vile. Jua nikaliacha. Nikatazama mshale wa joto la injini, ulikuwa katikati, umetulia. Injini haichemki. Nikazima feni. Joto likaendelea, ila nikagundua jambo: kwenye kona, nikipunguza mwendo, linapungua; barabara ikinyooka nikakimbia, linaongezeka. Linanipiga paja la kushoto, kutoka katikati ya gari. Basi nikajua ni hewa ya nje inayoingia kwa nguvu ya mwendo, na njiani inapita kwenye kitu cha moto.

Vitu vya namna hiyo ni viwili. Ama ni hita yenyewe, ama kuna tundu kwenye ukuta wa bati kati yetu na injini. Ikiwa ni hita, joto kali litatokea chini, miguuni. Upande wangu tundu la hita la miguuni nilishaliziba na kitambaa zamani kwa ajili ya vumbi. Lililobaki wazi lilikuwa la upande wa mama.

"Mama, huko chini miguuni kunachoma?"

"Hapana, mwanangu. Kawaida tu."

"Hewa ya moto haikupigi kwenye nyayo?"

"Sisikii kitu."

Nilimwona anajifuta shingo kwa ncha ya kitenge. Alikuwa amelegeza kilemba, na uso ulikuwa unang'aa kwa jasho. "Mbona unatoka jasho hivyo?" nikamuuliza.

"Si joto la ziwa hilo? Wewe umezoea baridi."

Nikamuuliza mara ya tatu, na hapo nilishapandisha sauti, kwa sababu jibu lake lilikuwa linaniharibia hesabu. Nikamwambia atulie, asijibu haraka, anisikilizie vizuri pale chini. Akatulia kweli, akatazama miguu yake muda mrefu. Akanijibu kwa Kimatengo, kama anavyofanya akichoka na mimi, kwamba miguu yake iko salama na niangalie barabara.

Basi hita nikaifuta. Hukumu yangu ikawa ni tundu ukutani, jambo la kushughulikiwa na fundi nikirudi. Nikashusha vioo vyote. Nilifikiria kusimama nikainame mwenyewe nipapase chini, na mahali pa kusimama palikuwepo, pana, penye kivuli. Sikusimama. Nilikuwa nimeshapata jibu langu, tena nilikuwa nimelipata nikiwa naendesha, bila kugusa kitu, na moyoni nilikuwa napanga namna ya kuwasimulia kidato cha tatu.

Mama mdogo alitupokea barabarani. Alimkumbatia mama kupitia dirishani, wakalia wote wawili, nami nikasubiri walie. Kisha nikazunguka, nikafungua mlango, nikainama kuuvuta mfuko ili mama ashuke. Mfuko ulikuwa wa moto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi. Niliuachia. Nikaweka mkono mbele ya lile tundu la hita, nikautoa haraka.

"Mama, miguu yako," nilisema.

"Imefanyaje?"

Nilimvua soksi ya kulia polepole, ngozi ilikuwa nyekundu tu. Soksi ya kushoto ilikuwa imeloa. Nilipoivuta ilikuja na ngozi. Chini yake kulikuwa na malengelenge mapana kama kiganja changu, mengine yameshapasuka, na mama alikuwa ameinama pamoja nami anayatazama kwa mshangao, kama mtu anayeonyeshwa mguu wa mgonjwa mwingine. Mama mdogo alishika kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na nasema hivyo nikimaanisha.

Tulimpeleka zahanati, akafungwa vizuri. Jioni, wakati mama amelala, nilirudi kwenye gari nikalala chali na tochi chini ya dashibodi. Kijimlango cha ndani ya hita, kinachovutwa na ile swichi kwa kebo kuachia moto au baridi, kilikuwa kimefungwa kwa waya wa kufungia nondo, upande wa moto. Ndipo nikakumbuka. Mwezi wa saba, katikati ya baridi, kebo yake ilikatika na hita ikawa inapuliza ubaridi. Fundi alitaka tusubiri kebo nyingine. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nifungie huko huko kwenye joto, nani Mbinga anataka baridi?" Akacheka, akafunga. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni dakika tano, injini haijapata hata moto, na njia ya Matiri ni ya baridi, joto huko ni raha tu, kwa hiyo nilishasahau kabisa. Swichi niliyoizungusha kwa hasira njia nzima haikuwa imeshika kitu chochote.

Kidonda hakikukauka. Tulimpandisha kurudi milimani, hospitali ile ile, na wiki ya tatu daktari akatuambia mguu wa kushoto utakatwa chini ya goti. Sikubishana naye. Aliomba mguu wa kulia upimwe ajue umebaki na nini, na mimi nikakaa pembeni ya kitanda.

Muuguzi alikuwa dada mmoja mtaratibu. Alimwomba mama afumbe macho, akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki. "Mama, kila nikikugusa, sema ndiyo."

Akamgusa kidole gumba. Mama akasema ndiyo. Akamgusa katikati ya unyayo. Ndiyo. Kisha muuguzi akatia mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti lake, akasimama tu. Mama, macho amefumba, akasema ndiyo. Akangoja kidogo, kwa adabu, kama anayemsaidia mwenzake amalize kazi yake, akasema tena ndiyo.

Muuguzi alinitazama mara moja, akaandika. Kisha akauliza kwa upole, "Ganzi hii ilianza lini, mama?"

Mama alifumbua macho. Hakumtazama muuguzi, alinitazama mimi. "Kabla ya ule mwiba," alisema. "Mwiba wenyewe niliuona kwa macho. Sikuusikia."

"Na hukumwambia mwanao huyu?"

"Huyu?" Mama alitabasamu kidogo. "Huyu angenigombeza."

Nilifungua mdomo kumwambia si kweli, mama, nisingekugombeza. Kilichotoka, kwa sauti ile ile ya darasani, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka, ni hiki: "Muda wote huo unanificha mimi, mama, una akili kweli?"

Mama alifumba macho, akamnyooshea muuguzi mguu.