Siku Mbili Nje ya Geti la Pamba

Msimu wa pamba Kasese ulikuwa na harufu yake: mafuta ya mbegu, vumbi, na magunia yaliyolala juani tangu asubuhi. Tulikaa upande wa mto Nyamwamba, karibu kabisa na kiwanda cha kuchambua pamba, na vinyuzi vyeupe viliingia hadi kwenye sufuria ya chai. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa safarini mara nyingi, akipeleka mizigo Bwera, mpakani, na kurudi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama, na Mama alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Ndiye aliyewawakilisha wanawake wa banda la kuchagulia pamba. Kabla ya chama walikohoa mchana kutwa na kunywa maji ya bomba la kuoshea mashine. Yeye na wenzake walidai vitambaa vya kufunika pua na pipa la maji safi, wakavipata. Nilijivunia jambo hilo kuliko viatu vyangu vya Idi.

Aliwaingiza wenzake kwenye chama kwa kuwatembelea nyumbani, mmoja mmoja. Wote walikubali isipokuwa Masika, mjane aliyeshuka kutoka Kilembe baada ya mto kuibomoa nyumba yake. Siku tulipokwenda kwake alituchomea mahindi, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama Zaina, asante. Mimi bado nafikiri." Njiani nilimuuliza Mama kama amekasirika. Akasema kufikiri si kosa. Mimi nilikasirika. Masika alikunywa maji ya lile pipa kama wengine.

Katikati ya msimu, mwenyekiti wa chama na meneja walikubaliana jambo ofisini: asiyekuwa mwanachama hatapita getini tena, na kila mwakilishi aandike majina ya waliobaki nje. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kwetu, wanawake kadhaa wa banda wakimfuata, akaketi kwenye kiti cha Baba.

"Mama Zaina, hii iko lazima sasa. Andika tu jina ya huyo mtu moja."

"Siandiki."

"Anakula jasho letu!" alidakia Mama Kato, rafiki wa Mama wa siku nyingi. "Maji anakunywa, kitambaa anavaa, chama hataki. Kwa nini?"

"Hiyo kwa nini ni yake," Mama alisema. "Mimi niliwaomba ninyi, mkakubali. Nikimfukuzisha leo aliyekataa, basi hata ninyi sikuwaomba. Niliwatisha."

Mwenyekiti akasimama, akamwambia kuanzia saa hiyo si mwakilishi tena. Mama akamfungulia mlango. Walipoondoka nilibaki uani nikilia. Masika alikuwa amepata habari, akaja mbio. Nilimwambia kwa hasira kwamba angejiunga tu, mambo yaishe. Akachutama mbele yangu, akanifuta uso kwa ncha ya leso yake. "Mwanangu, nilikuwa nafikiri kweli. Sasa waliposema lazima, nimemaliza kufikiri."

Jumatatu mlinzi alidai kadi za chama getini, akamzuia Masika. Nilikuwa nikienda shule, nikaona kila kitu. Mama alikuwa na kadi yake ya uanachama na angeweza kupita, lakini alisimama kando ya Masika, mikono kifuani. Wanawake wengi waliingia wakiinamisha macho. Mama Kato aliingia bila kuinamisha. Wengine wakaanza kusita, mmoja akasimama, halafu wawili, hata wakafika kumi na mmoja. Niliporudi kutoka shule bado walikuwa pale, midomo imekauka kwa jua, nyuma yao malori ya pamba yamejipanga hadi barabara kuu kwa sababu ndani mikono haitoshi. Hakuna aliyeimba wala kurusha jiwe. Walikataa tu kuondoka. Siku ya pili afisa wa kazi wa wilaya alikuja, akasema mbele ya wote kwamba sheria inampa mtu haki ya kujiunga na chama, haimpi mwingine haki ya kumsukuma ndani. Meneja aliyatazama malori, akamwashiria mlinzi. Geti likafunguliwa.

Masika aliingia, na hakujiunga kamwe. Mama alirudi kazini bila cheo chake. Mama Kato alipita mlangoni petu miaka mingi bila salamu, na hilo lilimuuma Mama kuliko cheo. Hata hivyo hakukiacha chama. Alikwenda kila mkutano, akaketi nyuma, akauliza maswali yaliyowatoa viongozi jasho.

Leo mimi ni muuguzi Bwera, na nimejifunza kwamba lazima imebadili sura. Wakati ule ilikuja na mlinzi na kufuli, mtu akaweza kusimama mbele yake akaonekana. Siku hizi inakuja kwa maandishi madogo. Wiki iliyopita kijana wa chama cha wauguzi alituletea fomu. Nilitaka kujiunga, zamu zetu ni ndefu mno, na sauti yangu peke yangu haifiki mbali. Lakini chini kabisa niliona mstari: asiyejibu atahesabiwa amejiunga. Nikaomba ufutwe kwanza.

"Lakini sista, hizi zimeshachapishwa zote."

"Basi chapeni nyingine," nikamwambia, nikamrudishia.

Bado nataka kujiunga. Nangoja fomu mpya.